Volti, Baiti na PIN: Istilahi za Umeme na Kompyuta kati ya Nakivale na Mbarara

Istilahi za umeme na kompyuta ni za namna mbili. Kuna majina ya vitu: betri, dayodi, transista, laini, seva. Kuna na majina ya vipimo: volti, ampea, wati, baiti, biti kwa sekunde. Kitu kinaweza kushikwa na kugeuzwageuzwa mkononi kabla ya kulipiwa. Kipimo hakishikiki, mnunuzi hukutana nacho kama nambari iliyochapwa kwenye boksi, na muuzaji ndiye anayekifasiri. Kwa hiyo mtu anayenunua simu katika maduka ya Mbarara, au anayefungua kituo cha kuchajia simu kwa sola huko Nakivale, hupunjwa kwa vipimo kwa urahisi zaidi kuliko kwa vitu. Na vipimo vinavyopotosha zaidi huja viwiliviwili, kimoja kikifanana na kingine: volti na ampea, kumbukumbu na hifadhi, biti na baiti.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalifunguliwa mwaka 1958, na wakimbizi wake wa kwanza walitoka Rwanda. Leo humo wanaishi pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mkongomani hukitaja kifaa kwa Kifaransa, Mganda kwa Kiingereza. Kiswahili kinachowakutanisha sokoni, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, chenyewe kina majina matatu ya kompyuta, maana wapo wanaosema tarakilishi na wapo wanaosema ngamizi. Hapa yanatumika maneno yanayoeleweka mezani kwa fundi. Watunga kamusi watasamehe.

Umeme ndio mwanzo wa yote. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa mkondo unaopita kwa wakati mmoja. Tangi la maji lililoinuliwa juu husukuma maji kwa nguvu kuliko tangi lililo chini, hata kama maji ni yaleyale: kimo hicho ndicho volti, na wingi wa maji yanayotoka bombani kila sekunde ndio ampea. Vikizidishwa, volti mara ampea, hupatikana wati, yaani nguvu inayotumika. Chaja iliyoandikwa volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10.

Wengi huogopa ampea na kuzidharau volti, na mambo ni kinyume chake. Volti za chaja lazima zilingane na zile ambazo kifaa kimeandikiwa. Zikizidi, kifaa huungua. Ampea za chaja zikizidi hakuna kinachodhurika, kwa sababu kifaa huchukua kiasi kinachohitaji na kuacha kingine. Chaja ya ampea 3 haiui simu inayohitaji ampea 1. Kinachoua simu ni chaja duni ambayo volti zake zinapandapanda, au waya ulioachia. Katika kuchaji kwa kasi, ambako volti hupanda hadi 9 au zaidi, chaja na simu huulizana kwanza kupitia nyaya za data zilizomo ndani ya kebo. Simu isipojibu, chaja hubaki kwenye volti 5. Kebo ya bei ya chini mara nyingi haina nyaya hizo, na ndiyo sababu chaja nzuri iliyounganishwa na kebo mbovu huchaji polepole.

Umeme wa gridi nchini Uganda ni wa volti 240 na hezi 50. Hezi ni idadi ya mara ambazo mkondo hukamilisha safari ya kwenda na kurudi kwa sekunde moja, na mkondo wa namna hiyo huitwa mkondo geu. Ndio unaozalishwa Nalubaale, Jinja, kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, na kwenye mabwawa mapya zaidi kama Bujagali na Karuma. Paneli ya sola na betri, kwa upande wao, hutoa mkondo mnyofu, unaoelekea upande mmoja tu. Simu, redio, taa za LED na kompyuta zote hutumia mkondo mnyofu ndani yake. Kisanduku cha chaja ya ukutani hakina kazi nyingine ila kushusha volti 240 hadi 5 na kuugeuza mkondo geu kuwa mnyofu.

Hapo ndipo inveta inapoingia, na hapo ndipo vituo vingi vya kuchajia simu hupoteza umeme bila kujua. Inveta huchukua volti 12 za betri, mkondo mnyofu, na kuzipandisha hadi volti 240, mkondo geu. Kisha kila mteja huchomeka chaja yake, ambayo inazishusha tena hadi volti 5, mkondo mnyofu. Umeme umepanda mlima na kushuka, na katika kila hatua sehemu yake imegeuka joto. Tena inveta hula umeme hata wakati hakuna kilichochomekwa. Kipo kifaa kidogo, cha bei rahisi, kinachoshusha volti 12 moja kwa moja hadi 5 na kutoa matundu ya USB. Mwenye kituo anayechaji simu pekee hana haja ya inveta. Anayenyoa nywele kwa mashine au kuonyesha mpira kwenye televisheni ndiye anayeihitaji.

Kiasi cha umeme kilichomo kwenye betri hupimwa kwa saa-ampea. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 100, au ampea 10 kwa saa 10. Ili kulinganisha betri za volti tofauti, saa-ampea huzidishwa kwa volti na kuwa saa-wati: 12 mara 100 ni saa-wati 1,200. Saa-wati 1,000 ni kilowati-saa moja, ambayo ndiyo uniti inayohesabiwa na mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, katika nyumba za Mbarara na viunga vyake kama Kakiika. Kwa hiyo betri kubwa ya gari, iliyojaa, inabeba umeme wa uniti moja na kidogo tu.

Kidogo hicho nacho hakitumiki chote. Betri ya risasi na tindikali ikikamuliwa mara kwa mara kupita nusu huzeeka upesi. Busara ni kuhesabu saa-wati 600. Simu ya tachi yenye betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba karibu saa-wati 19, na pamoja na umeme unaopotea njiani huhitaji kama 25. Hesabu inatoa simu 24. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya aina ya BL-5C, ile ya miliampea-saa 1,020 ambayo haikosekani kwenye kibanda chochote cha fundi Afrika Mashariki, huhitaji saa-wati 5 hivi, na betri ileile ingejaza vitochi zaidi ya 100. Lakini betri haizalishi umeme, inautunza tu. Paneli ya wati 100 hutoa wati hizo 100 jua likiwa kali na limeikabili. Kwa siku njema karibu na ikweta hufikisha saa-wati 400 au kidogo zaidi. Kwa hiyo kituo chenye paneli moja ya wati 100 kitachaji simu za tachi 16 kwa siku, hata kama kimenunua betri mbili. Anayetaka kupanua biashara aongeze paneli kwanza.

Kati ya paneli na betri hukaa kidhibiti chaji. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi mchana, na katika vidhibiti vingi pia kuikata isikamuliwe hadi mwisho usiku. Wapo wanaokiruka ili kubana matumizi, na betri zao hazikai.

Pawabenki ina mtego wake. Nambari iliyoandikwa juu yake, tuseme miliampea-saa 20,000, imepimwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani. Umeme unatoka kwa volti 5. Saa-wati 74 zilizomo zikigawanywa kwa 5 ni miliampea-saa 14,800, na ukiondoa zinazopotea kwa joto, simu hupata 13,000 au chini yake. Huo si wizi. Wizi ni pawabenki nyepesi kama kiberiti inayodai 50,000. Seli za lithiamu zina uzito, na saa-wati haziwezi kuongezeka bila uzito kuongezeka. Na betri ya lithiamu iliyovimba, ya simu au ya pawabenki, imemaliza kazi: gesi imejikusanya ndani yake, na kuitoboa ili inywee ni kuialika ishike moto.

Ndani ya kifaa kuna bodi, na juu ya bodi kuna vijenzi. Rezista hupunguza mkondo. Kapasita huhifadhi chaji kidogo kwa muda mfupi na kulainisha umeme unaotetemeka. Zile za duara zilizovimba vichwa kwenye bodi ya televisheni ya zamani ni dalili ya kwanza anayoitafuta fundi. Dayodi hupitisha mkondo upande mmoja tu, na LED ni dayodi inayotoa mwanga mkondo unapoipitia. Transista ni swichi isiyo na kidole: mkondo mdogo huamua kama mkondo mkubwa upite au usipite. Ilibuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947. Mwaka 1958, uleule ambao Nakivale ilifunguliwa, Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha kwamba vijenzi kadhaa vinaweza kutengenezwa pamoja juu ya kipande kimoja cha madini ya nusu-kipitishi. Huo ndio mwanzo wa chipu. Chipu kuu ya simu ya leo ina transista kwa mabilioni.

Swichi ina hali mbili, imefungwa au imefunguliwa, na hali hizo huandikwa 0 na 1. Nafasi moja ya 0 au 1 ni biti. Biti nane ni baiti, na baiti moja inatosha kuandika herufi moja ya alfabeti ya Kiswahili. Baiti elfu moja ni kilobaiti, KB. Milioni moja ni megabaiti, MB. Bilioni moja ni gigabaiti, GB. Wapo wanaohesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa sababu 1,024 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, na kompyuta hupenda nambari za namna hiyo. Kutokana na tofauti hiyo, flashi ya GB 32 ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows husomeka kuwa na GB 29.8. Mtengenezaji amehesabu kwa elfu, Windows imehesabu kwa 1,024. Hakuna aliyeiba.

Kadi ya kumbukumbu ya bandia ni jambo jingine. Kadi yenye GB 8 hubadilishwa maelezo yake ya ndani ili ijitangaze kuwa ya GB 64. Simu huiamini, huandika picha na video, na zikipita GB 8 mafaili mapya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea. Kuitazama tu hakutoshi kuigundua, kwa maana ukubwa unaoonekana kwenye skrini ni uleule wa uongo. Kipimo cha kweli ni kuijaza yote kisha kuyafungua mafaili, ya kwanza na ya mwisho. Kwa mnunuzi wa flashi ya kuhifadhia vyeti vya shule vilivyopigwa picha, saa chache za kuijaribu si nyingi.

Jozi inayowachanganya watu kuliko zote ni ile ya kumbukumbu na hifadhi. Boksi la simu huandikwa, kwa mfano, GB 2 na GB 32. Ile ndogo ni RAM, kumbukumbu ya kazi: mahali ambapo programu zilizo wazi hukaa wakati zinatumika. Simu ikizimwa, vilivyomo humo hufutika vyote. Ile kubwa ni hifadhi, ambamo picha, nyimbo, ujumbe na programu zenyewe hukaa hata betri ikiondolewa. Simu inayokwamakwama wakati wa kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine ina upungufu wa RAM, na kufuta picha hakuisaidii sana. Simu inayokataa kupiga picha kwa kuwa imejaa ina upungufu wa hifadhi, na kufunga programu hakuisaidii hata kidogo. Kadi ya kumbukumbu huongeza hifadhi, haiongezi RAM.

Siku hizi simu za bei ya kati zinazouzwa Uganda huandikwa RAM ya GB 8, kisha kwa herufi ndogo 4+4. Maana yake ni kwamba RAM ya kweli ni GB 4, na GB nyingine 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi ili zitumike kama RAM. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo GB hizo za kuazima zinafaa kuzilaza programu zisizotumika na si zaidi. Bei ya simu ya namna hiyo inapaswa kupimwa dhidi ya simu za GB 4.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi, yaani mipigo ya bilioni kwa sekunde, na koa ni prosesa ndogo zilizomo ndani ya chipu moja. Koa nane za kizazi cha zamani zinaweza kushindwa na nne za kizazi kipya, kwa hiyo nambari hizo peke yake hazisemi mengi. Linalosema zaidi ni mfumo endeshi, programu mama inayosimamia kifaa chote na ambayo programu nyingine husimama juu yake. Katika simu nyingi za hapa mfumo huo ni Android, na toleo lake ni muhimu kuliko rangi ya simu. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Mtu anayenunua simu ya mtumba ili azungumze na ndugu walioko Goma, Kampala au Nebraska afungue mipangilio na kusoma toleo kabla ya kutoa pesa.

Simu bila laini ni kompyuta ndogo. Laini, yaani kadi ya SIM, ni chipu yenye namba ya siri inayomtambulisha mteja kwa kampuni ya simu. Namba ya simu yenyewe hutunzwa na kampuni, ndiyo maana laini ikipotea namba huweza kurejeshwa kwenye kadi mpya. IMEI ni kitu kingine: ni namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu, si mteja, na huonekana kwa kubonyeza *#06#. Simu ikiibwa, IMEI ndiyo inayoandikwa polisi; isiponakiliwa mapema ni vigumu kuipata kama boksi limetupwa. Kwa mkimbizi, kusajili laini kulikuwa na ugumu wake hadi mwaka 2019, pale Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipokubali hati za uthibitisho za Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike, hata kwa asiye na kitambulisho cha mkimbizi bado.

PIN ya laini hulinda laini isitumike kwenye simu nyingine. Ikikosewa mara tatu laini hujifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu nane inayotolewa na kampuni. PUK ikikosewa mara kumi laini hufa kabisa, na kubahatisha ndiyo njia ya haraka ya kuiua. PIN ya pesa kwa simu haihusiani na hiyo. Hukaa kwenye kompyuta za kampuni, wala haimo ndani ya laini. Asiyejua tofauti hudhani kwamba akiifunga laini kwa PIN basi na pesa zimefungwa mara mbili. Ni kweli kwa kiasi, iwapo PIN hizo mbili si namba moja.

Huduma ya pesa ya MTN, iliyoanza Uganda mwaka 2009, hufunguliwa kwa *165#, na ya Airtel kwa *185#. Namba za namna hiyo, zenye nyota mwanzoni na reli mwishoni, ni za USSD. Ujumbe wake hupita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa, hauhitaji bando, na hufanya kazi kwenye kitochi chochote. Kikao cha USSD kikikatika hakiachi maandishi kwenye simu. Linalobaki ni ujumbe wa SMS unaothibitisha muamala. SMS nayo ina mpaka wake: herufi 160. Mpaka huo ni wa alfabeti ya msingi ya mitambo ya GSM, ambayo inatosha kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Mwethiopia au Mweritrea anayeandika kwa herufi za Kigeezi hutumia mfumo mpana zaidi wa herufi, na nafasi humshukia hadi 70. Ujumbe wa urefu uleule huweza kumtoza SMS mbili au tatu. Hata emoji moja ikiwekwa katika ujumbe wa Kiswahili huushusha ujumbe wote hadi 70.

Alama zinazojitokeza juu ya skrini, 2G, E, 3G, H, 4G, ni vizazi vya mtandao wa simu. 2G ilijengwa kwa sauti na SMS. E ni 2G iliyoongezewa njia ya data, ya polepole. 3G na H zilileta video. 4G ilijengwa kwa data tangu msingi wake. Kwenye simu isiyo na uwezo wa kupiga kwa 4G, mtu akipokea simu, kifaa hushuka kwanza hadi 3G au 2G, na data hupungua kasi au kusimama mpaka mazungumzo yaishe. Vijiti vya mtandao ni suala jingine. Vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara, na havionyeshi msongamano. Mtu anaweza kusimama chini ya mnara akiwa na vijiti vyote na data isitembee, kwa sababu wengine mamia wanaugawana mnara huohuo. Katika nchi ya vilima kama Isingiro hali hugeuka: mnara hauna watu, lakini kilima kimekaa katikati. Mawimbi ya masafa ya juu hubeba data nyingi na huzuiliwa upesi. Ya masafa ya chini hubeba kidogo na hufika mbali.

Bando huuzwa kwa MB na GB, yaani kwa baiti. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde. Kwa kuwa baiti ni biti nane, kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua MB 1 kwa sekunde, na faili la MB 80 huchukua sekunde 80 mambo yakienda sawa. Mteja anayetarajia sekunde 10 ameisoma biti kama baiti. Uganda imejaribu njia mbili za kulitoza bando kodi. Kuanzia Julai 2018 kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alilipa shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa na mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Kodi ya kwanza ilionekana na kukera. Ya pili imejificha ndani ya bei, na mtu wa kununua bando la siku haioni hata jina lake.

Intaneti na wavuti si kitu kimoja, ingawa hutajwa kama kimoja. Intaneti ni muungano wa mitandao ya kompyuta duniani, pamoja na nyaya na kanuni zake. Wavuti ni huduma mojawapo inayopita humo, ile ya kurasa zinazofunguliwa kwa kivinjari. Barua pepe ni huduma nyingine, WhatsApp ni nyingine. Seva ni kompyuta inayokaa ikingoja maombi na kuyajibu, na wingu ni jina la biashara la seva za mtu mwingine. Picha iliyowekwa kwenye wingu iko kwenye jengo fulani, katika nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo.

Njia kuu ya kuzifikia seva za mbali kutoka Uganda ni nyaya za nyuzi za kioo zinazokwenda pwani, Mombasa na Dar es Salaam, na kuingia baharini. SEACOM ilifika mwaka 2009, EASSy mwaka 2010; kabla yake Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa pole. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika pamoja, na watu wa bara, mamia ya kilomita kutoka baharini, waliona intaneti yao ikizorota. Mawasiliano ya ndani ya nchi yana njia fupi: kituo cha kubadilishana data kilichopo Kampala huziwezesha kampuni za Uganda kupeana data bila kuzituma ng'ambo na kuzirudisha. Chuo kama Mbarara University of Science and Technology, kilichoanzishwa mwaka 1989, kikiweka masomo yake kwenye seva iliyomo nchini, mwanafunzi hutegemea bahari kidogo zaidi.

Yamebaki maneno ya ulinzi. Nenosiri ni siri anayoijua mtu. Namba ya kutumika mara moja, inayotumwa kwa SMS, ni uthibitisho wa kitu anachokimiliki, yaani laini yake. Tapeli anayepiga simu akijifanya wakala, akiomba "hiyo namba iliyoingia sasa hivi", tayari ana siri ya kwanza na anatafuta ya pili. Virusi ni programu inayojinakili bila ruhusa. Wizi mwingi wa kwenye simu hauhitaji virusi, unahitaji mtu mwenye haraka. Usimbaji ni kuubadilisha ujumbe kwa hesabu ili usomeke na mwenye ufunguo pekee. WhatsApp inasimba mazungumzo kutoka simu hadi simu tangu 2016, ila nakala zinazohifadhiwa kwenye wingu husimbwa kwa namna hiyo iwapo tu mwenyewe amewasha kipengele hicho.

VPN ilipata umaarufu Uganda kutokana na kodi ya mitandao ya kijamii ya 2018, ukaongezeka Facebook ilipofungiwa Januari 2021. Ni programu inayofunga data kwa usimbaji na kuipitisha kwenye seva iliyo nchi nyingine, hivyo kampuni ya simu huona data ikienda kwenye seva hiyo, haioni inakokwenda kutoka hapo. Siri haijatoweka: imehama kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN. Inayotolewa bure inapaswa kumfanya mtumiaji ajiulize mwenyewe anakula nini. VPN pia huongeza matumizi ya bando, kwa kuwa kila kipande cha data hubeba maandishi ya ziada ya usimbaji.

Neno la mwisho ni bayometriki, yaani utambuzi wa mtu kwa mwili wake. Kati ya Machi na Oktoba 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliwahakiki wakimbizi nchini Uganda, zaidi ya milioni 1, kwa alama za vidole na picha za mboni ya jicho, na wa Nakivale walikuwamo. Katika utambuzi wa namna hii mashine hupima nukta ambapo mistari ya kidole hukatika au hugawanyika, au mpangilio wa nyuzi za mboni, na kuvigeuza kuwa nambari, kisha hulinganisha nambari hizo na zilizohifadhiwa. Ulinganishaji haujibu ndiyo au hapana. Hutoa kiwango cha kufanana, na mwenye mfumo ndiye aliyeamua kiwango gani kinatosha. Mkulima ambaye jembe limemlainisha vidole hukataliwa mara nyingi zaidi kuliko karani, na kwa mtu wa namna hiyo jicho hutegemeka zaidi. PIN ikivuja hubadilishwa kwa dakika moja, lakini kidole hakibadiliki, kwa hiyo hifadhi ya nambari hizo inahitaji ulinzi zaidi kuliko hifadhi ya nenosiri lolote. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu kila taasisi inayokusanya taarifa za watu ndani ya nchi, na inampa mwenye taarifa, raia au mkimbizi, haki ya kuuliza ni taarifa zipi zake zimehifadhiwa na kudai zilizokosewa zirekebishwe.